Papa si onyesho la tarehe 20 Juni

Niseme mapema tusipotezeane muda. Mwezi wa tano alikuja kijana wa shirika moja, kadi shingoni, akakaa kwenye benchi la wateja wangu wa kushona hapa Kasubi. Akaniambia wamesikia kuna wazee wagonjwa wanaocheza dansi, na wamefurahi sana. Wanataka wazee hao wapande jukwaani Siku ya Wakimbizi Duniani, dakika tano tu, wavalishwe fulana, wapigwe picha, halafu kila mmoja apewe soda na nauli. Nikamwuliza, "Na ukumbi je? Tumeandika barua mara tatu, tunaomba chumba saa moja kwa wiki." Akajibu kwamba hilo halimo kwenye bajeti.

Basi hesabu yao ni hii: dansi ya jukwaani ina bajeti, dansi ya mgonjwa haina.

Nikamkatalia. Tangu siku hiyo nusu ya Wakongomani wenzangu wa hapa mtaani wananisema. "Dada, umefunga mlango. Mgeni akibisha unampa kiti, wewe umempa mgongo." Hata mama mmoja ambaye mumewe anacheza nasi aliniambia ile nauli ingemnunulia mafuta ya kupikia. Maneno yake yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Ndiyo maana naandika. Nataka nieleze kwa nini nilikataa, na mkishasoma mwamue kama nilikosea.

Papa yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Rutshuru kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2012, mwezi wa saba, M23 walipouchukua mji ule. Tukapita Nyakabande, kisha tukapelekwa kambi moja ya magharibi ya Uganda, tukapewa kiwanja, hema na jembe. Papa hakuwa mtu wa jembe. Alikuwa mtu wa chaki, wa shati lililopigwa pasi, na wa rumba. Jumamosi jioni redio ilikuwa yake, hakuna wa kugusa.

Mwaka 2016 mwandiko wake ulianza kupungua. Mwandiko ule ambao wazazi wa Rutshuru walikuwa wanausifu ukawa mdogo kama punje za mchele, baadaye kama ulezi. Siku ya kuchukua posho saini yake haikufanana tena na ile ya mwanzo. Karani akamtazama kama mwizi. Ilipokuja mashine ya alama za vidole, kidole kikatetemeka juu ya kioo na mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Watu nyuma kwenye mstari wakaanza kupiga kelele, "Mzee, toka!" Akatoka. Alifika nyumbani na gunia tupu, akakaa, hakusema kitu mpaka usiku.

Jambo la pili ni baya zaidi. Ofisi moja, sitaitaja, ilimwita kwa mahojiano ya kesi yetu. Mimi nilikuwa pembeni yake. Papa alisimulia jinsi kaka yangu alivyouawa. Alisimulia polepole, kwa sauti ya chini, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Macho hayakupepesa. Afisa akanigeukia mimi, siyo yeye, akauliza, "Mbona hana huzuni?"

Nilikosa jibu. Wakati ule sikujua kwamba kuna ugonjwa unaogandisha misuli ya uso mpaka mtu anayelia ndani aonekane kama anayesubiri basi. Papa alikuwa na huzuni, ila uso wake ulikuwa umefungwa kwa nje. Kuanzia siku ile najiuliza ni wazee wangapi wameandikwa kwenye mafaili kwamba ni waongo, ni walevi, au hawana ushirikiano, na kumbe ni wagonjwa.

Ugonjwa huo unaitwa Parkinson. Jina ni la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeuandikia kitabu kidogo mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Hicho ndicho kinachoufanya mwendo uende wenyewe bila mtu kuufikiria: kuinuka kwenye kiti, kugeuka, kufunga kifungo. Chembe hizo zikifa, dopamini inapungua. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia, mwili unakuwa mgumu, hatua zinafupika, sauti inazama. Haiambukizi. Bado hakuna dawa ya kuiponya, ila ipo ya kuipunguza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wanaishi nao.

Msiniambie ni ugonjwa wa wazungu. Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwenye jamii ya watu wapatao 161,000. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Hao walikuwa wanakijiji wa Tanzania, wako kwao, wana mashamba yao, hawakufukuzwa na mtu. Sasa jiulize kambini ikoje.

Sisi tuliambiwa ni sumu. Jirani mmoja alimtaja mpaka aliyeiweka. Kanisani tukaambiwa ni pepo, tukafunga siku saba. Kwenye vituo vya afya tulivyopita tulipewa dawa ya malaria, dawa ya minyoo na Panadol. Mwishowe muuguzi mmoja mwenye huruma alituambia kwa sauti ya chini, "Mpelekeni Kampala. Madaktari wa mishipa ya fahamu wako kule, na ni wachache." Mwaka 2019 tukafunga vyombo tukaja Kampala.

Hapa naomba wafanyakazi wa mashirika wasome polepole. Mkimbizi akiwa kambini, ana posho lakini hana daktari wa ugonjwa wake. Akija mjini, daktari yupo lakini posho anaiacha nyuma, maana mkimbizi wa mjini anahesabiwa kuwa anajitegemea. Na hata hiyo posho ya kambini imekatwa mara kadhaa tangu 2020. Papa alichagua daktari. Mimi nikachagua cherehani. Tunaishi kwenye muzigo mmoja nyuma ya soko la Kasubi, chumba kimoja na pazia katikati, na dawa yake ya mwezi inakula mauzo yangu ya siku kumi.

Kasubi nayo ina mambo yake. Mama mwenye nyumba alipomwona Papa anatetemeka alirudi nyuma hatua mbili, akaniambia, "Nnyabo, huyu ana buko." Kwa Waganda buko ni mambo ya ukwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, na wa zamani walisema anayevunja mwiko huo atapatwa na kutetemeka. Kwa hiyo mzee akianza kutetemeka, watu hawaulizi ana dawa, wanauliza alimfanya nini mama mkwe wake. Papa hakuwahi hata kumwona mama mkwe wake, alikufa kabla hajaoa. Nilipomtafsiria alicheka, au niseme kifua kilicheka, maana uso hauwezi tena.

Lakini siyo kichekesho. Nyumba ya nne kutoka kwetu kulikuwa na jajja wa Kiganda aliyefungiwa chumba cha nyuma karibu miaka miwili kwa aibu hiyo. Wapo Waganda waliochoshwa na uongo huu mpaka wakaanzisha shirika na kuliita Parkinson Si Buko. Jina lenyewe ni hoja nzima. Sisi Wakongomani tungehitaji letu: Parkinson Si Sumu.

Sasa nije kwenye dansi.

Ukitoka kwenye chumba chetu kuna kizingiti kidogo cha saruji, urefu wa kidole. Papa akifika pale miguu ilikuwa inaganda. Anataka kupita, anajua kupita, lakini nyayo zimeshikwa na sakafu kama zimegundishwa. "Miguu inakatala, mutoto wangu." Nilikuwa namvuta mkono, jambo ambalo baadaye daktari alinikataza, kwa sababu ukimvuta mtu aliyeganda unamwangusha. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alichanika kichwa.

Siku moja amesimama pale kwenye kizingiti, ameganda, kinyozi wa jirani akawasha redio. Ikaanza rumba ya zamani, ile ya polepole, gitaa linazungumza na besi. Nikaona bega la Papa limesogea, halafu kiuno. Kisha mguu wa kushoto ukanyanyuka, ukavuka kizingiti, wa pili ukafuata. Akaenda mpaka kwa kinyozi kama mtu anayekwenda kazini. Wimbo ulipokwisha aliganda tena, katikati ya njia, boda zikampigia honi. Nilikimbia nikamshika, tukabaki pale tunacheka na kulia.

Nilimweleza daktari nikiogopa ataniona mjinga. Hakushangaa. Aliniambia katika ugonjwa huu ile saa ya ndani ya ubongo inayopiga mwendo imeharibika, lakini mdundo wa nje unaweza kuazima njia nyingine. Sikio linaupokea, mguu unaufuata, bila kupitia ile sehemu iliyochoka. Ndiyo maana mtu anaganda kwenye sakafu tupu, lakini ukimchorea mistari ya chaki anaivuka mmoja baada ya mwingine. Mdundo ni mistari ya chaki iliyochorwa kwenye sikio.

Siyo sisi tuliolivumbua hilo. Tangu 2001, Brooklyn, New York, kundi la dansi la Mark Morris na chama cha wagonjwa wa pale walianzisha darasa la dansi kwa watu wenye Parkinson, na darasa hilo limezaa mengine kwenye nchi nyingi. Mjini St. Louis, Marekani, Madeleine Hackney na Gammon Earhart waliwafundisha wagonjwa tango, na utafiti wao wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kusimama imara kulipata nafuu. Toronto, Kanada, watafiti waliwafuata wagonjwa 16 waliocheza mara moja kwa wiki kwa miaka mitatu, wakawalinganisha na wengine wasiocheza. Taarifa yao ya 2021 inasema hali ya waliocheza haikuharibika kwa kasi kama ya wenzao. Watu 16 ni wachache, nakubali. Hakuna aliyesema dansi inaponya. Lakini kama tango inamsaidia mgonjwa wa Marekani asianguke, tango ina nini ambacho rumba haina? Zote ni dansi za kushikana, za kutembea, za kusikiliza mwenzako kabla hujageuka.

Basi tukaanza. Mwanzo tulikuwa watatu, sasa tuko tisa: Wakongomani sita, Mrundi mmoja, Waganda wawili, mmoja wao yule jajja wa chumba cha nyuma. Nilikwenda kwa mwanawe mara nne kabla hajakubali kumtoa. Alikuja amejifunika shuka kichwani.

Nawapa jinsi tunavyofanya, ili anayetaka huko kambini aanze kesho bila kumsubiri mtu. Kwanza saa. Tunacheza wakati dawa imeshika, kama saa moja baada ya kumeza. Dawa yenyewe inamezwa nusu saa kabla ya chakula, maana maharage na nyama vinashindana nayo kuingia mwilini. Hilo tulilijua tumechelewa; miezi mingi Papa alikuwa anaimeza pamoja na sahani ya maharage, halafu tunashangaa haifanyi kazi. Pili, tunaanza tumekaa. Viti vya plastiki vinaegemezwa ukutani visiteleze. Mabega, shingo, mikono mikubwa kama unaanika nguo. Kila kitu kiwe kikubwa, kwa sababu ugonjwa unataka kupunguza kila kitu. Tatu, tunasimama, na kila mgonjwa ana mtu wake nyuma, siyo mbele. Nne, mistari ya chaki sakafuni, hatua moja kila mdundo. Tano, kugeuka ni kwa duara kubwa, kama lori, siyo kwa kisigino. Sita, tunaimba kwa nguvu, maana sauti nayo ni misuli. Na sebene hatuichezi. Wimbo ukifika kwenye sebene gitaa linakimbia, na mguu wa mgonjwa ukijaribu kulifukuza anaanguka. Tunapunguza sauti, tunakaa, tunapiga makofi. Kila wiki Papa ananung'unika, kwake rumba bila sebene ni chai bila sukari.

Mwezi wa pili jajja alituambia muziki wetu ni mzuri lakini miguu yake haijui Kikongo. Mjukuu wake akaleta ngoma akampigia baakisimba. Yule mzee aliyekuwa anaburuta nyayo aliinua visigino. Akaacha shuka kwenye kiti. Mama mwenye nyumba alikuwa dirishani anatazama, na tangu siku hiyo sijamsikia akisema buko mbele yangu.

Sasa niwajibu wanaonipinga, kwanza wa nyumbani.

Mchungaji wetu alitupa ukumbi wa kanisa miezi mitatu, namshukuru. Aliposikia rumba akasema muziki wa dunia hauingii madhabahuni. Sikubishana naye kuhusu madhabahu. Nilimwomba tucheze kwa nyimbo za kanisa, akakataa pia, akasema tutaleta mazoea. Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano kwa nguvu zake zote, na aliyemdharau ni Mikali, akiwa dirishani. Mchungaji anaijua sura hiyo kuliko mimi. Tumehamia uani kwa fundi wa milango, kati ya vyuma na cheche. Mvua ikinyesha hatuchezi. Wiki mbili bila kucheza, na Papa anarudi kuganda kwenye kizingiti. Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu.

Wengine wanasema mzee mgonjwa kucheza ni aibu, atulie nyumbani aheshimiwe. Jamani, heshima gani hiyo ya kukaa gizani? Papa alikuwa na miaka 21 mwaka 1974, Muhammad Ali alipokuja Kinshasa kupigana na Foreman. Alisikiliza kwenye redio na mtaa mzima ulipiga kelele. Miaka kumi baadaye, 1984, Ali huyo huyo aliambiwa ana Parkinson. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta, mkono unatetemeka mbele ya dunia yote. Hakuna aliyemwuliza kuhusu mama mkwe wake. Hakuna aliyemfungia chumba cha nyuma.

Sasa wa mashirika. Mnatuambia kuna malaria, kuna njaa, kuna watoto wanaokufa kwa kuhara, na sisi tunataka kucheza? Nimeyasikia hayo kwa Kiingereza kizuri. Jibu langu: nyinyi wenyewe mnapenda tucheze. Kila tarehe 20 Juni, kila akija balozi, kila mradi ukizinduliwa, wanaotangulia ni wacheza ngoma. Kwa hiyo ugomvi wetu hauko kwenye dansi yenyewe. Ni kwamba dansi ikiwa ya kumfurahisha mgeni mnaiita utamaduni, na ikiwa ya kumzuia Papa asianguke mnaiita starehe.

UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi wa kumi na mbili 2021. Makaburi ya wafalme wa Buganda, hatua chache kutoka tunapocheza, yaliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001. Yalipoungua mwaka 2010 dunia ilichanga, nyasi zikaezekwa upya, na 2023 yakatolewa kwenye orodha ya hatari. Vizuri, hata mimi nilifurahi. Lakini kama urithi unastahili paa, na wazee wanaoubeba mwilini wanastahili paa pia. Chumba kimoja chenye sakafu isiyoteleza, saa moja kwa wiki.

Na kuna mtego mwingine nauona unakuja, ni heri niuseme kabla haujanasa. Kuna siku mtu atasoma karatasi hii, aseme, "Safi sana, wakimbizi wanajitibu kwa dansi, ni rahisi, hakuna gharama ya dawa." Hapana! Dansi haichukui nafasi ya dawa. Bila levodopa Papa hawezi kuinuka kwenye kiti ili acheze. Levodopa na kabidopa ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini shirika hilo hilo linakiri kwamba kwenye nchi nyingi za kipato cha chini mgonjwa haipati au haimudu. Yapo maneno ya upupu pia, na ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ndani. Ila kipimo cha mbegu hakilingani kama cha kidonge, zidisha kidogo na mzee anatapika au anaona vitu visivyokuwepo. Anayetaka kujaribu aongee na daktari kwanza. Msitufanye tuchague kati ya ngoma na kidonge. Kidonge kinamwinua mtu, ngoma inampa pa kwenda.

Ndiyo maana nilikataa jukwaa. Siyo kiburi. Papa akipanda jukwaani saa saba mchana, bila kujali dawa yake imeshika au la, kwenye ngazi bila kishikio, spika zinapiga sebene, ataganda au ataanguka mbele ya watu elfu. Mkimpata siku nzuri atacheza dakika tano, mtapata picha, na mwakani mtasema mlisaidia wagonjwa wa Parkinson. Picha itabaki kwenye ripoti na sisi tutabaki kwa fundi wa milango. Na ule uso uliomfanya aulizwe mbona hana huzuni, watazamaji watauliza mbona hana furaha.

Mama wa mafuta ya kupikia, nakujibu na wewe kwa heshima. Nauli ile ilikuwa ya siku moja. Mimi natafuta ya kila Jumatano.

Ninachoomba nakiandika wazi, isije ikasemwa sikusema.

Dawa ya Parkinson ifike kwenye vituo vya afya vya kambini, ili mtu asilazimike kuiacha posho yake kuifuata Kampala.

Anayehoji wakimbizi afundishwe kwamba uso usiocheka na usiolia si ushahidi wa uongo, na mwenye sauti ya chini apewe muda wake.

Kidole kinachotetemeka kikikataliwa na mashine, iwepo njia nyingine siku hiyo hiyo, siyo "rudi mwezi ujao".

Chumba, saa moja, kila wiki. Viti vya plastiki tunavyo, redio tunayo, chaki Papa ananunua mwenyewe. Hilo hataki mtu amsaidie.

Na wewe ndugu msomaji wa kambini, mwenye mzazi anayetetemeka nyuma ya pazia, mtoe. Leo. Chora mistari kwenye udongo kwa kijiti kama huna chaki, mistari mitano tu, upana wa hatua yake. Washa simu, weka wimbo alioupenda akiwa kijana, simama nyuma yake, usimvute. Subiri bega.

Yule kijana wa shirika alirudi wiki iliyopita, bila fulana ya kazi, Jumatano, akakaa kwenye benchi uani akatazama mpaka mwisho. Hakupiga picha. Alipoondoka aliuliza ukumbi unaofaa unahitaji mita ngapi. Nilimpimia kwa futi yangu ya kushonea: nane kwa sita. Aliandika mkononi kwa kalamu. Sijui kama ataosha mkono kabla hajafika ofisini. Papa alimwambia, kwa sauti yake ya chini, ya mwalimu, "Mwanangu, andika kubwa."